Jinsi ya Kuzuru Makumbusho ya Majimaji Bila Kusumbuliwa na Majimaji

Watu wengi hukwepa makumbusho ya vita kwa hofu moja: wanadhani wakitoka watakuwa wamejua kitu. Hofu hiyo haina msingi. Kwa maandalizi kidogo tu, mtu anaweza kuingia Makumbusho ya Majimaji pale Songea saa nne asubuhi, akatoka saa nne na robo, simu imejaa picha, risiti iko mfukoni, na kichwa kiko vilevile alivyokuja nacho. Mwongozo huu ni wa msafiri wa namna hiyo. Aufuate vizuri, na wale mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mjini hapo hawatamharibia chakula cha mchana.

Kwanza, njia. Ukitokea Dar es Salaam, basi litakupitisha Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, mwendo wa karibu kilomita 950, na ushauri wangu ni kwamba mkifika Iringa uwe umelala. Jirani yako akikugusa bega akuonyeshe upande wa Kalenga, koroma. Kalenga ndipo lilipo fuvu la Mkwawa, na kisa chake hakimwachi mtu salama. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimpate akiwa hai. Wakampata akiwa maiti, wakaondoka na kichwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, suala la fuvu hilo liliandikwa kabisa ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919, humohumo mlimopangwa mipaka ya Ulaya na fidia za vita, kwamba likabidhiwe kwa Waingereza katika miezi sita. Lilirudi 1954. Sasa mtu ukishalijua hilo kabla hata hujafika Makambako, utaanza kujiuliza vichwa vingine viko wapi, na ziara nzima itakuwa imeshaingia doa.

Wapo wanaopita kusini: Lindi, Masasi, Tunduru. Njia hiyo ndiyo ya hatari hasa, wala sisemi habari ya mashimo. Inapita pembezoni mwa nchi yenyewe ya vita. Ukivuka Rufiji, upande wako wa kulia viko vilima vya Umatumbi, na kule Nandete, Julai 1905, watu waliingia shambani wakang'oa pamba. Usiulize pamba ya nani. Ukiuliza utaambiwa kuwa gavana, Gustav Adolf von Götzen, aliagiza kila jumbe awe na shamba la pamba la pamoja, wanakijiji walilime kwa lazima chini ya macho ya akida, na siku ya malipo ujira ukaja kiduchu kiasi kwamba wengine waliukataa. Utaanza kuona kuwa vita havikuanzia kwenye ushirikina, vilianzia kwenye hesabu. Vaa hedifoni, ongeza sauti, na uyaangalie mashamba ya mikorosho kama mikorosho tu.

Siku ya kwenda nayo ichaguliwe kwa akili. Februari 27 ndiyo kilele cha kumbukizi, kwa kuwa ndiyo tarehe waliyonyongwa mwaka 1906. Kwa mtu asiyetaka kukumbuka lolote, hakuna siku nzuri kama hiyo. Spika zitakuwa zinajaribiwa tangu alfajiri, moja mbili, moja mbili. Ngoma za lizombe zitakuwa zinapiga vumbi, au matope, kwa sababu Februari mvua za Songea huwa bado zimo. Mshereheshaji atasema itifaki imezingatiwa, kisha ataizingatia upya kwa dakika ishirini. Mgeni rasmi atawaenzi wazee wetu katika aya ya kwanza. Katika aya ya pili ataingia fursa za utalii, ya tatu miundombinu, ya nne ataomba makofi. Unaweza kukaa pale mpaka jua la alasiri na usisikie jina la marehemu hata mmoja. Wazee wenye simulizi watakuwepo, usijali: wameshapangiwa kutumbuiza.

Siku ya kawaida ina hatari zaidi kwa sababu kuna utulivu, na utulivu humfanya mtu asome. Ikikubidi kwenda siku hiyo, omba ukutane na msafara wa shule. Watoto wamevaa sare, kila mmoja na kaunta buku yake, na mwalimu ameshatangaza kwamba wakirudi kuna jaribio. Watainamia maandishi chini ya mikuki na ngao na kuyanakili neno kwa neno, pamoja na namba ya kumbukumbu ya kifaa. Hawataiangalia mikuki yenyewe, haitaulizwa. Simama nyuma yao. Kati yako na historia kutakuwa na ukuta wa masweta ambao hakuna hoja inayoweza kuupenya.

Langoni utalipa kiingilio. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje, lakini lalamika. Sema kwa sauti kwamba haya ni mambo yetu wenyewe, kwa nini tulipie. Kisha nenda kanunue soda mbili.

Sasa tufike kwa mtu wa kuogopwa, mhifadhi. Huyu ameajiriwa kukueleza, anayajua mambo, na usipomuwahi atakueleza. Dawa yake ni moja, na imefanya kazi kwa wageni wa kila kabila na kila kiwango cha elimu: kabla hajafungua mdomo, muulize kwa kicheko, "Hivi kweli waliamini risasi zitageuka maji?" Atatabasamu kwa adabu, maana swali hilo ameulizwa na wote waliokutangulia. Wewe cheka. Wenzako watacheka. Na kicheko hicho ndicho mlango wa kutokea: ukishawaona waliokufa kuwa ni wajinga, huna tena deni nao.

Jihadhari tu asikujibu kwa kirefu. Akipewa nafasi atakupeleka Ngarambe, kwa mganga Kinjeketile Ngwale, na dawa yake ya maji, mtama na mafuta ya mbarika. Atakuambia Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, na bado havikuzimika, maana dawa ilikuwa imeshabebwa na wajumbe kutoka kijiji hadi kijiji. Kisha atakuuliza yeye sasa: ni kitu gani kingine kingeweza kuwakutanisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengineo, makabila zaidi ya 20, wengine wakiwa maadui wa jana, bila redio, bila gazeti, bila hata lugha moja ya kikao? Chama cha siasa cha kufanya kazi hiyo kilikuja karibu miaka 50 baadaye. Hapo kicheko kitaanza kukukwama. Angalia saa yako. Na ikiwa garini umeacha chupa ya maji ya upako uliyoinunua Jumapili ikulinde barabarani, si lazima uitaje.

Atakapoona hujakimbia, atakutajia Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu walilivamia boma la Wajerumani pale wakiwa na mikuki na dawa mwilini, na bomani kulikuwa na bunduki za rashasha. Wengine waliwaona wa mbele wakianguka, wakaendelea kuja. Mtu anayekwenda hivyo anaongozwa na kitu kizito kuliko ujinga, na ukikaa sana kwenye ukuta huo utaanza kukitafuta. Sogea, kuna picha nyingine.

Hata hivyo, katika yote haya, kuna swali moja ambalo kama hutauliza umeokoka. Sijui kwa nini makumbusho hayaliandiki kwa herufi kubwa juu ya mlango, lakini kwa mwongozo huu ni bahati. Kila mgeni anauliza habari za maji. Waulize habari za chakula.

Samahani, nilikuwa na maana ya kusema: usiulize habari za chakula. Ukiuliza utaambiwa kwamba risasi hazikuwa silaha kubwa ya vita hivi. Mwaka huohuo 1905 afisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimwandikia gavana wake kuwa mapigano peke yake hayatoshi, kitakachowalainisha watu kabisa ni njaa na ufukara. Basi ikawa hivyo. Vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa au kukombwa, mashamba yakateketezwa yakiwa na mazao, mifugo ikaswagwa. Kila aliyekimbilia porini alisubiriwa na tumbo lake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilihesabu Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyeishi na simulizi za wazee wa huko, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Upande wa pili walikufa Wazungu 15.

Takwimu za pande hizi mbili zikikaa pamoja kichwani hazitoki. Tena zina mikia. Maeneo makubwa yalibaki bila watu, pori likarudi, mbung'o wakarudi, na wanyama nao wakaja nyuma yao. Sehemu ya nchi hiyo ndiyo baadaye ikawa Pori la Akiba la Selous, ambalo kipande chake tangu 2019 tunakiita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii akiwa kwenye gari la wazi anamwonyesha mwenzie tembo, anasema ni nchi ambayo haijaguswa na binadamu. Usimsahihishe, amelipa dola. Wewe nenda zako mjini ukale ugali, na kama ni msimu wa mavuno utapishana na malori ya mahindi yanayotoka Ruvuma kwenda kulisha mikoa mingine. Usiunganishe mambo. Ugali wa kuunganisha mambo haumezeki.

Ukishavuka hapo salama, mengine ni mepesi. Kwenye sanamu za manduna, yaani wakuu wa vita wa Wangoni, simama katikati, kunja mikono, toa kidevu. Wengine hupenda kuweka vidole viwili vya ushindi. Ni hiari, ingawa waliochongwa hapo walishindwa. Picha ipandishe kwenye stetasi na maneno "Tusisahau tulikotoka", bila kutaja ni wapi.

Wala usidadisi hao mashujaa walikuwa watu wa namna gani. Sisi tunapenda shujaa aliyenyooka. Wangoni walikuja kutoka kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na walipofika Ruvuma hawakuomba hodi kwa waliowakuta. Waliwatiisha, wakawatoza, wakawafanya watumishi na askari wao. Pamba ya Umatumbi haikuwahusu sana. Wao uchungu wao ulikuwa ufalme: Wajerumani walikuja 1897, wakawavunjia enzi, na maji yalipowafikia 1905 waliyapokea wakiwa na kisasi chao tayari. Mtawala wa Njelu, mojawapo ya falme zao mbili, Nkosi Mputa Gama, alinyongwa. Mwenzake wa Mshope, Chabruma, alivuka kwenda Msumbiji na hakurudi. Mambo kama haya yanachanganya, maana yanaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mtesi wa jirani yake na bado akafa kwa haki dhidi ya mtesi mwingine. Shuleni hatukufundishwa kuweka alama kwa jibu la namna hiyo.

Na kama hukufurahishwa na hilo, basi usiguse kabisa habari ya nani alishika bunduki. Katika filamu za vichwani mwetu, upande mmoja ni Wajerumani weupe na upande mwingine ni sisi. Orodha ya vifo vya upande wa serikali inasema vingine: Wazungu 15, askari 73, na rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi, 316. Askari na rugaruga hao walikuwa Waafrika, wengine wa kuletwa kutoka mbali, wengine wa humuhumu. Wahehe, waliokuwa wameshaumizwa na Wajerumani miaka michache tu kabla, safari hii walipigana upande wa Wajerumani. Jambo la kufanya hapa ni kusema "wakoloni waliwagawa watu wetu" halafu kuendelea na safari. Sentensi hiyo ni kweli, na ukiisema haraka inafunga mjadala wote.

Sehemu ya mwisho ni makaburi. Hapa nakuomba utembee kwa kasi, maana hapana kioo kati yako na wao. Kuna kaburi la halaiki la watu 66, na pembeni kidogo kaburi la mtu mmoja. Ukitupa jicho kwenye majina, macho yatataka kutafuta la kike, nalo limo: Mkomanile, nduna, ambaye anasimuliwa kuwa ndiye aliyeyapokea maji na kuyaingiza Ungoni. Mwanamke huyo hatajwi sana kwenye hotuba. Wengi kati ya hawa walibatizwa na padre gerezani kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi. Walipewa majina mapya ya watakatifu ambayo waliyatumia muda mfupi sana.

Kaburi la pembeni ni la Nduna Songea Mbano, yule ambaye mji umepewa jina lake. Simulizi ya Songea inasema Wajerumani walikuwa tayari kumwacha hai, akakataa, akataka kufa na wenzake. Wakamnyonga siku chache baadaye peke yake. Kisha, inasema simulizi, wakakata kichwa na kukipeleka Ujerumani. Kwa hiyo kaburi unalolipiga picha lina mtu asiye na kichwa, na mji mzima, pamoja na stendi yake na benki zake, unaitwa kwa jina la mtu ambaye nusu yake haijulikani iko kabati gani.

Novemba 1, 2023 alikuja Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akasimama hapohapo, akaomba radhi kwa yale Wajerumani waliyoyafanya, akakutana na wana ukoo wa Mbano na kuahidi kwamba kichwa kitatafutwa. Habari ilitangazwa kwa uzito unaostahili kwa siku mbili. Ukikutana na mtu mjini anayetaka kukueleza hayo, mpeleke kwenye mjusi. Mjusi ni mada salama zaidi. Mifupa ya yule mjusi wa Tendaguru, Lindi, yaani dinosaria, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, na leo amesimama Berlin, watoto wa Kijerumani wanapanga foleni kumtazama. Sisi humdai kila baada ya muda na hasira zetu hupata pa kwenda. Usimkumbushe mtu kuwa Tendaguru iko katika kusini ileile, na kwamba wapagazi wale ni watu waliosalia baada ya njaa. Mifupa ya mnyama wa miaka milioni 150 iliwekewa namba na inajulikana ilipo.

Kwa wenye muda, mjini hapohapo kuna makumbusho ya Rashidi Mfaume Kawawa, waziri mkuu wa zamani, kule Bombambili. Yanatembelewa kwa kanuni hizihizi, ila picha hupigwa ukiwa umekaa.

Kuna watu ambao mwongozo huu hauwafai na ni haki niwaonye wasipoteze pesa. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi waende vijijini kwao wakati wa likizo kuwahoji wazee waliokumbuka vita. Walikwenda na madaftari, wakaamkia, wakaketi chini, wakasikiliza mchana kutwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kutoka upande wa waliopigwa imetoka kwenye madaftari hayo. Vijana wale walikuwa wasafiri wabovu kabisa. Hawakuwa na haraka. Waliuliza nani alikula nini. Waliwaacha wazee wamalize sentensi. Kama kila mgeni angefanya hivyo, mhifadhi angekauka koo, na foleni ya picha ingefika barabarani.

Kabla hujatoka utaletewa kitabu cha wageni. Jina, unakotoka, saini, na mwisho kabisa safu ya maoni. Wengi hapa hubabaika, kalamu inaning'inia hewani, nyuma yako mtu anakohoa. Andika: "Nimejifunza mengi. Muendelee hivyohivyo." Maneno hayo hayajawahi kumdhuru mtu, na ukifunua kurasa za nyuma utakuta tayari yameandikwa, unaweza kuweka alama ya nukta mbili tu.

Lakini ikitokea umekaidi mwongozo huu ukamsikiliza mhifadhi mpaka mwisho, basi safu hiyo itumie kwa faida. Iulize Ujerumani, kupitia kitabu hicho, kutafuta kumefikia wapi, na uweke tarehe. Mpaka naandika haya, kichwa cha Songea Mbano hakijapatikana.